Shotigani ya bata: Remington 870 ya zamani au Mossberg 500 mpya?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naishi Minnesota na msimu ujao nataka kuanza kuwinda bata. Nimeonyeshwa shotigani mbili za pampu, zote geji 12: Remington 870 Wingmaster ya miaka ya 1970 na Mossberg 500 mpya. Bei zao hazijapishana sana. Ipi haitanisumbua?

JIBU: Njema, ndugu yangu. Kwa bata, chukua Mossberg. Ungekuwa unawinda sungura ningekuambia kinyume chake, maana Wingmaster ni bunduki ninayoipenda kwa dhati. Modeli ya 870 ilitoka mwaka 1950, bodi yake (sehemu ya kati yenye mitambo) ni ya chuma kilichochongwa, na pampu (kishikio cha mbele unachokivuta na kukisukuma kuingiza risasi) iliyotumika miaka mingi huteleza kwa ulaini ambao bunduki mpya chache zinao.

Kwako tatizo ni mtutu. Tangu 1991, Marekani nzima hairuhusiwi kuwinda bata kwa golori (chembe zinazoruka kutoka kwenye risasi) za madini ya risasi, kwa hiyo wengi hutumia za chuma. Golori za chuma ni ngumu, hazibonyei zinapopita kwenye mdomo uliobanwa. Remington ilianza kuweka midomo ya kubadilisha mwaka 1986. Kabla ya hapo mdomo ulibanwa moja kwa moja kiwandani, na ukikuta mtutu umeandikwa FULL, yaani umebanwa sana, golori kubwa za chuma zinaweza kuuvimbisha karibu na mdomo.

Halafu kuna chemba, ile sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Angalia herufi mwishoni mwa namba ya bunduki: V ni ya risasi za inchi 2¾, M ni ya inchi 3. Wawindaji wengi wa bata hutumia za inchi 3. Risasi hiyo huweza kuingia kwenye chemba fupi bila kukwama, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu ganda hufunguka na kurefuka linapofyatuliwa na presha hupanda. Muuzaji akikuambia ubadilishe tu mtutu, usikubali haraka: bodi yenye V haitatupa vizuri maganda ya inchi 3.

Mossberg 500, iliyoanza 1961, watu huidharau kwa sababu bodi yake ni ya aluminiamu. Wanakosea. Risasi inapolipuka, boliti, kile kipande kinachofunga chemba kwa nyuma, huwa imejifunga kwenye chuma cha mtutu wenyewe, bodi haibebi mzigo ule. Ina kucha mbili za kulishika ganda, na kile kipande kinacholitupa nje kimefungwa kwa skrubu, unakibadilisha mwenyewe nyumbani. Cha 870 kimepigwa ribiti, kikivunjika lazima uende kwa fundi. Kitufe cha usalama kiko juu, nyuma ya bodi, kidole gumba kinakifikia hata ukiwa na glavu. Kwa kawaida ni cha plastiki. Nakushauri uweke cha chuma, si ghali. Pampu itacheza na kugongagonga kidogo ukiitikisa. Usihangaike nayo, haiharibu kitu.

Pesa zikipungua kuna Maverick 88, ya kampuni hiyohiyo ya Mossberg. Ni nafuu zaidi na kazi inaifanya vilevile, ila kitufe cha usalama kiko karibu na triga. Ukishawishiwa kununua 870 Express, ile ya bei nafuu iliyotoka 1987, mulika chemba kwa tochi kwanza. Ikiwa na mikwaruzo au kutu, maganda yatang'ang'ania humo. Rangi yake isiyong'aa hushika kutu upesi usipoipaka mafuta, na kwenye bwawa la bata hakuna kikavu.

Kabla ya kwenda, hakikisha kizibo, kile kijiti kinachopunguza nafasi ya risasi, kimo ndani ya magazini. Sheria ya bata inaruhusu risasi tatu tu kwa jumla, mbili kwenye magazini na moja kwenye chemba, na maafisa wa wanyamapori huja hadi ulipojificha kukagua.