Baba alipigana Vita vya Kagera? Mshukuru kwa kumwandika

Kijana aliyekwenda vitani mwaka 1978 akiwa na miaka 20 alizaliwa mwaka 1958. Hesabu mwenyewe umri wake leo. Asante ya Julai 25, Siku ya Mashujaa, ni nzuri, lakini wengi wa wazee hawa wataondoka bila mtu yeyote nyumbani kujua walikuwa kikosi gani. Kwa hiyo anza na daftari, keki itafuata.

Usimuulize "vita vilikuwaje?" Ukiuliza hivyo utapewa taarifa ya redio: Idi Amin wa Uganda alivamia Oktoba, Mwalimu Nyerere akahutubia Novemba 2, sababu, nia na uwezo tunao, tukampiga. Hayo yote yameshaandikwa. Unachokitafuta wewe kiko chini ya hapo, na kinatoka kwa maswali madogo. Sehemu kubwa ya safari ile ilikwenda kwa miguu, kwa hiyo uliza habari za buti. Uliza walikula nini walipofika Masaka, walilala wapi mvua iliponyesha, nani alikuwa kulia kwake na nani kushoto. Muulize alisikiaje mlio wa yale makombora ambayo Waganda waliyaita "Saba Saba", na alikuwa umbali gani nayo.

Tarehe atazichanganya. Usibishane naye. Chora ramani kwenye karatasi kubwa, weka Kyaka, Mutukula, Masaka, Mbarara, Lukaya, Entebbe na Kampala, kisha umpe kalamu. Mutukula ni Januari 1979, Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari, Lukaya Machi, Kampala Aprili. Akishaonyesha njia yake, tarehe zinajipanga zenyewe. Ramani pia inakuonyesha pale masimulizi ya wengine yalipoingia katika yake: majeshi yaligawanyika, na aliyepita njia ya Mbarara hakuwa kwenye mapigano ya Lukaya. Andika alivyosema, kisha pembeni uandike ulichokilinganisha. Usifute.

Pamoja na njia, pata namba yake ya jeshi, cheo, brigedi, bataliani, kombania na platuni. Ukiwa na jina tupu huwezi kutafuta chochote mahali popote. Ukiwa na namba ya jeshi una pa kuanzia.

Kwa kurekodi, simu ya kawaida inatosha. Iweke kwenye hali ya ndege ili asikatizwe na mtu anayetaka kutumiwa vocha, iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, kama sentimita 40 kutoka mdomoni, mbali na feni na bati linalopigwa na mvua. Dakika 45 zinatosha kwa siku moja. Siku hiyohiyo hamisha faili kwenye vifaa viwili tofauti, kimoja kikae nyumba nyingine. Kumbukumbu nyingi za familia zimekwenda na simu iliyotumbukia chooni.

Baba akikataa kuongea na wewe, mtume mjukuu. Utani wa babu na mjukuu unafungua milango ambayo mtoto wa kumzaa hafunguliwi. Ila mfundishe kwanza: asiulize "babu, uliua wangapi?" Swali hilo ndilo linalofunga mazungumzo kwa mwaka mzima. Na kama mzee hushtuka kwa kishindo cha fataki, hapati usingizi, au anaota akipiga kelele baada ya mazungumzo, simamisha kazi na mpeleke kwa daktari. Usimwite mkorofi, wala usikimbilie kusema amerogwa.

Sasa karatasi. Kosa kubwa kuliko yote ni kupeleka cheti cha jeshi kikapigwe lamineti. Joto na gundi vinaingia kwenye karatasi na havitoki tena, na picha ya zamani inaweza kuharibika palepale kwenye mashine. Skani kwanza, nyaraka kwa dpi 300 (dpi ni kipimo cha ukali wa skani) na picha kwa dpi 600, kisha nakala halisi iweke kwenye bahasha ya karatasi ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni, kwa sababu ya mchwa. Albamu za kurasa zenye gundi toa picha taratibu. Zilizogoma kutoka zipige picha zikiwa humohumo. Majina yaandike nyuma kwa penseli laini, maana kalamu ya wino hupenya upande wa pili. Medali ifute kwa kitambaa kikavu, basi. Ukiisugua kwa dawa ya kung'arishia unakula maandishi.

Sare ya jeshi usiivae kupigia picha ya kumbukumbu, sheria hairuhusu raia. Na ukikuta risasi au kitu chochote kinachofanana na bomu stoo, usikiguse, ita polisi.

Waliokwenda kama mgambo wana shida yao: wengi hawana karatasi. Hapo tafuta wenzao wawili wa kijiji kimoja, warekodi kila mmoja peke yake, halafu linganisha majina ya makamanda na vituo walivyopita. Wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekumbuka kwa niaba ya wote.

Ukiwa na nauli na afya yake inaruhusu, mpeleke Kaboya, wilayani Muleba, walikozikwa wenzake. Eneo liko chini ya jeshi, omba ruhusa mapema. Beba maji, dawa zake na kiti cha kukunja, kwa sababu atasoma majina moja baada ya jingine na hatataka kuharakishwa. Simama mbali kidogo. Akikuita uone jina fulani, hapo ndipo utoe daftari.