Shangazi, sokoni Ufaransa bei haipunguzwi?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mume wangu anasoma Avignon, kusini mwa Ufaransa, nami naenda kukaa naye Juni na Julai. Supamaketi sizitaki, nataka yale masoko ya asili anayonisimulia kila siku. Ila ananionya nisithubutu kuomba nipunguziwe bei wala kushika matunda. Ni kweli au ananitania? Na niende masoko yapi? — Mama Salma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakutanii. Bei ya chakula imeandikwa kwenye kibao, kwa kilo au kwa kipande, na ni hiyo hiyo kwa kila mtu. Ulimi wako wa kuomba punguzo utunzie Jumapili, uende nao L'Isle-sur-la-Sorgue, mji wa mifereji na magurudumu ya maji. Pale wapo wauza vitu vya kale, na kwa sahani kuukuu au kiti cha babu wa mtu, kubishana kidogo si vibaya.

Matunda nayo usiyaminye. Panga foleni, zamu yako ikifika anza na salamu yao, “Bonjour”, kabla ya neno lolote. Ukianza na “nataka” watakuona huna adabu. Kisha muuzaji ataichukua meloni, atainusa, ataipima uzito mkononi na kukuuliza utaila lini. Hilo swali lijibu sawasawa. Ukisema mchana huu, atakupa iliyoiva kabisa. Ukisema keshokutwa, atatafuta nyingine. Watu hutafuta faida katika bei, kumbe faida ya soko lile ni kuchaguliwa na anayeijua bidhaa yake, na akishakuzoea sura ndiyo utafurahi zaidi.

Ila ujue unanunua kwa nani. Sheria inamtaka muuzaji wa matunda na mboga aonyeshe zilikotoka, kwa hiyo soma kibao. Meza yenye ndizi, machungwa na nyanya za nchi tatu ni ya mchuuzi aliyenunua jumla. Simlaumu, naye ana watoto, lakini usimlipe kana kwamba amelima mwenyewe. Tafuta neno “producteur”, yaani anauza alicholima mwenyewe. Meza yake mara nyingi ina vitu vichache tu vya msimu: aprikoti, kitunguu saumu kibichi, mrehani, labda na cheri za mwisho. Trufu nyeusi inayosifiwa, ule uyoga ghali unaoota chini ya ardhi, ni ya majira ya baridi. Utakayoiona Julai ni ya kiangazi, ndani nyeupe-nyeupe, harufu hafifu na thamani ndogo zaidi. Usikubali kuuziwa jina.

Na sabuni! Maneno “savon de Marseille”, yaani sabuni ya Marseille, peke yake hayathibitishi kwamba imetengenezwa Marseille. 

Mjini Avignon kwenyewe kuna Les Halles, soko la ndani lenye ukuta wa nje uliooteshwa mimea. Linafunguliwa asubuhi, Jumatatu limefungwa. Jumatatu hiyo nenda Cavaillon kwenye meloni zao, Jumatano Saint-Rémy-de-Provence, Ijumaa Carpentras. Carpentras, Cavaillon na L'Isle-sur-la-Sorgue zote zinafikika kwa treni kutoka Avignon. Wahi asubuhi, maana saa saba mchana utakuta wanakunja miamvuli. Dakika za mwisho kuna wanaoshusha bei wenyewe ili stroberi zisirudi nyumbani. Hapo hujaomba punguzo, umepewa.

Beba euro za chenji na kikapu chako. Mifuko myembamba ya plastiki ya kutumia mara moja ilipigwa marufuku, kwa mboga na matunda tangu 2017. Ukitaka nusu kilo, sema “une livre”.

La mwisho, kama nyumbani kwenu hamli nguruwe: zile soseji kavu zinazoning'inia huwa ni nguruwe. Hata zilizoandikwa “taureau”, yaani fahali, mara nyingi zimechanganywa na nyama au mafuta yake. Uliza kabla hujaonja, kwa sababu pale huwa wanakukatia kipande na kukupa mkononi kabla hujafungua mdomo.