Re: Jeshi la Marekani na malaria ya Kisumu

Mkuu umeuliza jeshi la Marekani linatafuta nini kwenye malaria ya Kisumu wakati kwao haipo. Sasa si ndo sababu yenyewe, askari wao hana kinga, akitua Afrika mbu anamwangusha kabla ya risasi. 2003 walishuka Liberia, askari wao wa marini kama 80 wakaugua malaria, na dawa za kujikinga walipewa ila wengi hawakumeza inavyotakiwa hehe. Watafiti wa Walter Reed, taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, wako Kenya tangu 1969, siku hizi wanafanya kazi na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na pale Kombewa karibu na Kisumu chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto wa huko huko, so faida haikuishia kambini. Meflokwini, dawa ya malaria, nayo ilitoka kwao baada ya vita vya Vietnam, ila zile ndoto mbaya inazoleta usiku wee acha tu.