Kumpata fundi wa kupaua Mwanza

Dada, umeuliza utampataje fundi wa kupaua nyumba yako Buswelu kabla vuli haijaanza. Usianzie dukani. Zunguka mtaani, tafuta nyumba iliyopauliwa mwaka juzi, bisha hodi, uliza kama inavuja na nani aliipaua. Ukimpata fundi, omba kuona kazi anayoifanya sasa, upande ngazi utazame misumari: ipigwe kwenye mgongo wa bati, siyo bondeni maji yanakopita. Wangu alipiga bondeni; mvua ya kwanza tulikesha na ndoo juu ya kitanda. Bati chukua geji 28, ni nene kuliko 30, maana upepo wa ziwani hauna huruma. Vifaa nunua mwenyewe. Andikishaneni kwa mwenyekiti wa mtaa, na umlipe kwa hatua.