Kujaza nyimbo kwenye flashi za wateja: uanzie wapi

Salaam ndugu. Umeuliza kama kuna ubaya kujaza wateja nyimbo kwenye flashi kwa malipo, maadamu nyimbo zenyewe umezikuta bure mtandaoni.

Kwanza angalia nani aliyeuweka wimbo huko. Mdogo wangu anaimba singeli, na mimi ndiye ninayempakizia kazi zake. Zipo anazozitoa bure makusudi, tena anawaomba watu wazisambaze ili ajulikane apate shoo. Hizo tumianeni tu. Lakini nyingine tumezikuta kwenye blogu zisizomjua, zimezungukwa na matangazo, na hela ya matangazo anakula mwenye blogu. Kwa hiyo kupatikana bure si ruhusa. Kwenye Boomplay, programu ya kusikilizia muziki, wimbo unaopakuliwa hubaki ndani ya programu, na usikilizaji ndio unaomwingizia msanii chochote. Ukishahamia kwenye flashi, hauhesabiki tena.

Kumrushia rafiki wimbo mmoja WhatsApp sikuweki kapu moja na biashara yako, ingawa mwenye kazi hakuulizwa hapo pia. Wewe unatoza, na hapo ndipo mimi naona dhuluma: umelipwa wewe, aliyeimba hakupata hata senti.

Hata taarabu na dansi za zamani usidhani hazina mwenyewe. Kwa Tanzania Bara, sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa.

Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, uulizie leseni. Wakati huohuo zungumza na wasanii wa mtaani kwenu. Wengi watakubali mgawane.