Nani mwenye neno la mwisho?

SWALI: Mwalimu wetu wa sheria alisema mwaka 2024 maofisa wa Marekani "walipokonywa kalamu". Kivipi?

JIBU: Mwanangu, chanzo ni samaki! Wavuvi wa heringi walitakiwa na serikali kubeba wakaguzi chomboni na kuwalipa wao wenyewe. Sheria ya uvuvi haikutamka hivyo waziwazi kwa wavuvi hao, nao wakaenda mahakamani. Tangu kesi ya Chevron (kampuni ya mafuta) ya 1984, sheria ikiwa na utata, majaji walikubali tafsiri ya wakala wa serikali ilimradi ina mantiki. Juni 2024 Mahakama ya Juu ikaifuta kanuni hiyo: kutafsiri sheria ni kazi ya jaji, si ya wakala. (Niliwahi kuandika kanuni ofisini, kweli, utata tuliupenda.) Ila Bunge likimpa wakala mamlaka bayana, jaji hukagua mipaka yake na kama wakala aliamua kwa hoja za msingi.