Pete ya kizazi kilichoshuka: usinunue kwa kukisia

Dada unayetaka kumnunulia mama pesari (pete ya kushikilia kizazi, yaani mfuko wa uzazi, kilichoshuka ukeni) huko Kampala bila mama kupimwa: subiri kwanza. Ukisema "pesari" tu dukani, huenda ukapewa vidonge vya fangasi vya kuweka ukeni. Unachotafuta ni pete ya silikoni ya kushikilia kizazi. Saizi ni kwa milimita, nyingi kati ya 60 na 80, na mpimaji hutumia vidole, kwenye kliniki ya wanawake ya Hospitali ya Mulago, Kampala, au hospitali ya rufaa ya mkoa. Ikikaa sawa, ncha ya kidole hupita kati ya pete na ukuta wa uke, na mama haisikii. Kabla ya kuondoka atembee, achuchumae, akohoe na, muhimu kuliko yote, akojoe: kubwa mno huziba mkojo, ndogo hudondoka chooni (na kama ni cha shimo, ndiyo basi tena).

Kuiweka, ikunje, paka kilainishi cha maji, isukume kuelekea mgongoni. Aitoe na kuiosha kwa sabuni isiyo na manukato mara moja kwa wiki. Asipoweza, kliniki kila miezi 3 hadi 6. Ikisahaulika huweza kuchubua ukuta wa uke hadi kuzama ndani yake. Damu, uchafu unaonuka au mkojo kukwama, itolewe siku hiyohiyo.